Kuhesabiwa, Mangi, Chuga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu misemo na utani wa Moshi na Arusha

Nimekulia Majengo, Moshi, na kwa miaka mingi sasa kazi yangu iko Arusha. Kati ya miji hii miwili ni kilomita 80 hivi, na kila nikipanda gari kuna mtu atakayetupa msemo, mwingine atacheka, wa tatu atauliza: hivi hili neno lilianzia wapi? Maswali ni yale yale. Nimeyajibu hapa kwa kadiri ninavyojua, na penye maoni yangu nimesema ni yangu.

Kwa nini inasemwa Wachaga wanakwenda "kuhesabiwa" kila Desemba?

Hili ndilo swali la kwanza kila mwaka. Ikifika katikati ya Desemba, Dar es Salaam inaanza kupungua watu, mabasi ya kaskazini yanajaa, nauli inakuwa habari ya redioni. Unakwenda dukani kununua sukari unakuta kufuli. Ukiuliza Mangi, mwenye duka, yuko wapi, jirani anakujibu bila kufikiri: "Kaenda kuhesabiwa."

Hakuna sensa wala daftari. Kwa maoni yangu utani huu umetoka kanisani. Injili ya Luka inasomwa kila Krismasi: Kaisari Augusto anatoa amri watu waandikishwe, kila mtu anakwenda mji wa kwao, Yusufu na Maria wanapanda kwenda Bethlehemu. Wachaga wengi ni Walutheri na Wakatoliki, na safari yao ya kurudi kwao, mlimani Kilimanjaro, inaangukia juma lile lile somo linaposomwa. Mtani yeyote mwenye masikio angeyaunganisha.

Lakini kuhesabiwa kwenyewe kupo kweli. Kwetu huwa ni tarehe 26. Mbuzi ameshachinjwa, kisusio kiko jikoni, ile supu inayotiwa damu ya mbuzi, na mzee amekaa chini ya mgomba na kata ya mbege, pombe ya ndizi, mkononi. Anatazama wanaoingia getini. Hasemi "karibuni". Anasema: "Wa Mwanza namwona. Wa Tunduma namwona. Wa Morogoro?" Wa Morogoro asipokuwepo, kimya kinakaa kidogo, kisha mtu anaeleza habari zake. Makaburi ya babu na bibi yako hatua chache kutoka hapo, ndani ya kihamba, shamba la ukoo, katikati ya migomba na kahawa. Aliyehesabiwa amehesabiwa mbele ya wote, waliopo na waliolala.

Na ule utani wa kuangusha sarafu?

Unajulikana nchi nzima: Mchaga akizimia, angusha shilingi karibu na sikio lake, asipofumbua macho, ndipo mpige simu nyumbani. Nimewasikia Wachaga wenyewe wakiusimulia kwa sauti kubwa kuliko mtu mwingine yeyote, tena msibani.

Watu hudhani utani huu unahusu tamaa. Mimi naamini unahusu ardhi. Kihamba ni shamba la ukoo lililo mteremkoni, lenye migomba, kahawa na mji wa familia ndani yake. Kwa mila, mtoto wa kwanza wa kiume alikatiwa sehemu yake, na wa mwisho alibaki na mji wa baba na kumtunza mama. Wa katikati walitafutiwa ardhi mpya. Mlima hauongezeki. Ardhi mpya ilipokwisha, wa katikati walibaki na nauli tu: wakashuka, wakaenda Tanga, Dar, Mwanza, Mombasa, wakaanza na meza ya sigara na biskuti.

Ongeza na kahawa. Wamisionari wa Kilema walikuwa wakiipanda mwishoni mwa karne ya 19, na wakulima wadogo wakaipokea kwa kasi. Mwaka 1925 walianzisha chama chao, KNPA, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, muungano wa vyama vya ushirika ambao jengo lake bado linatazamana na mji. Fedha za kahawa zilijenga madarasa, na watoto wakaenda shule mapema kuliko wenzao wa sehemu nyingi. Kwa hiyo kote nchini watu walikutana na Mchaga akiwa nyuma ya kaunta au nyuma ya meza ya ofisi, akihesabu fedha. Utani ukashika kile kilichoonekana. Yule mtoto wa katikati aliyeondoka bila shamba hakuonekana.

Neno "Mangi" lilikuwaje jina la mwenye duka?

Mangi ni mtawala. Uchagani kila eneo lilikuwa na mangi wake: Machame, Kibosho, Marangu, Kilema, Moshi na kwingineko. Mangi Rindi wa Moshi alijulikana hadi pwani kabla Wajerumani hawajafika. Mwanawe, Mangi Meli, alipigana nao. Juni 1892 watu wake waliwashinda, na kamanda wao, von Bülow, akauawa. Machi 2, 1900, Wajerumani walimnyonga Meli pamoja na viongozi wengine, Old Moshi. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Thomas Marealle alichaguliwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachaga wote.

Baada ya uhuru utawala wa machifu uliondolewa. Cheo kikakosa mwenyewe, neno likabaki. Kwanza likawa heshima ya kumwitia mwanaume yeyote wa Kichaga, kama unavyosema "mzee" au "bosi", na kwa kuwa Mchaga aliyejulikana mtaani alikuwa mwenye duka, likaishia dukani. Leo mtoto wa Temeke anatumwa "kwa Mangi", na huko kwa Mangi anaweza kumkuta Mkinga, mtu wa Njombe.

Mimi silichukii hata kidogo. Ila naomba mtoto anayetumwa kwa Mangi aambiwe siku moja kwamba kuna Mangi aliyenyongwa kwa kukataa kutawaliwa.

Je, mji wa Moshi uliitwa hivyo kwa sababu ya moshi wa treni?

Hapana. Reli kutoka Tanga ilikuwa imefika Moshi kufikia mwaka 1912. Rindi alikuwa Mangi wa Moshi miaka ya 1880. Jina haliwezi kutangulia kitu kilicholizaa kwa miaka thelathini. Moshi ya kwanza ni ile ya mteremkoni, inayoitwa sasa Old Moshi; mji ulipokua huku chini karibu na stesheni ulishuka na jina lake.

Nawashauri mtumie njia hii kwa hadithi yoyote ya asili ya jina: ulizeni mwaka. Hadithi nyingi tamu zinakufa hapo.

Mbona Shanty Town ya Moshi ni mtaa wa matajiri?

Jina lina maana ya mtaa wa vibanda, na ndiyo maana wageni hucheka wakiona mageti, miti mikubwa na nyasi zilizokatwa. Kwa mtu wa Moshi hakuna kichekesho. Akisema "anaishi Shanty" anamaanisha mambo yake si mabaya.

Kuna utani gani wa usafi?

Kwamba abiria kutoka Arusha akishuka stendi ya Moshi anameza ganda la pipi badala ya kulitupa. Moshi imesifiwa kwa usafi kwa miaka mingi na faini ya kutupa taka inajulikana. Watu wa Arusha husimulia utani huu kwa kejeli, watu wa Moshi kwa fahari.

"Chuga" ni nini, na nani aliisambaza?

Arusha kwa kinywa cha vijana ikawa Arachuga, ikakatwa ikabaki Chuga. Wengine husema A-Town. Kijana wa huku ni chalii, wengi wao machalii, na neno hilo linatumika pia ng'ambo ya Namanga kwa majirani zetu wa Kenya.

Rap ndiyo iliyolisafirisha. X Plastaz walitoka Arusha na kuchanganya rap na uimbaji wa Kimasai, wakasikika hadi Ulaya. Wakaja Nako 2 Nako, kisha Weusi. Joh Makini alijiita Mwamba wa Kaskazini, na tangu hapo "kaskazini" ikawa si upande wa dira tu, ikawa timu. Kabla ya hapo kijana wa Arusha akienda Dar alificha lafudhi yake. Hili nililiona kwa ndugu zangu. Baada ya hapo waliikoleza.

Maneno ya Kimasai yanayosikika mjini, yapi niyatumie na yapi niyaache?

"Sopa" ni salamu, hujibiwa "epa". "Yeyo" ni mama, na ukimwita hivyo mama wa Kimasai anayeuza shanga utakuwa umemheshimu. "Ero" ni kumwita kijana mwanaume. Mjini limegeuka la kumwitia mlinzi au msusi wa Kimasai, na kama huna mazoea naye mwite kaka tu.

"Layoni" liache. Kwa Kimaa ni mvulana ambaye bado hajatahiriwa. Ukimwambia mtu mzima neno hilo hujamtania. Umemvua utu uzima wake mbele za watu. Nimeona kikao cha kahawa pale Kilombero, hapa Arusha, kikivunjika kwa neno hilo moja.

Majina ya mitaa pia yanatoka huko. Ngarenaro ni "engare narok", maji meusi. Ngare Nanyuki, upande wa Meru, ni maji mekundu.

Kwa nini vituo vya daladala vina majina ya vitu visivyokuwepo?

Kwa sababu konda husema alichokizoea, na kizazi kinachofuata kinarithi. Unga Limited kilikuwa kiwanda cha unga kilichotoa jina kwa kata nzima. Vivyo hivyo Philips, Esso, Kiltex, General Tyre. Kituo kikitajwa, mwenye umri wa miaka sitini anaona kiwanda na foleni ya wafanyakazi wakitoka zamu. Mwenye ishirini anaona mahali pa kushukia.

Magari nayo hivyo hivyo: kifodi limetoka kwa Ford, na pikipiki ya abiria inayoitwa bodaboda kwingine, Arusha utasikia "toyo", jina la pikipiki ya Kichina iliyoingia kwa wingi.

Nani aliita Arusha "Geneva ya Afrika"?

Kauli hiyo inahusishwa na Bill Clinton. Alikuja Arusha Agosti 2000, wakati wa kutiwa saini mkataba wa amani ya Burundi, Agosti 28, mazungumzo yaliyosimamiwa na Mwalimu Nyerere na baada ya kifo chake na Nelson Mandela. Mji ulikuwa tayari na Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa 2015. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa hapa Novemba 30, 1999. Baadaye ikaja Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu.

Ni kweli Mnara wa Saa uko katikati ya Cairo na Cape Town?

Kila mgeni huambiwa hivyo na kila mgeni hupiga picha. Tuhesabu. Cairo iko nyuzi 30 kaskazini ya ikweta, Cape Town karibu 34 kusini, Arusha 3 na kidogo kusini. Kutoka Cairo kuja kwetu ni nyuzi 33 na ushei. Kutoka kwetu kwenda Cape Town ni 30 na ushei. Kwa kupima kaskazini na kusini tu, tuko karibu na katikati. Ukichora mstari ulionyooka kati ya miji hiyo, utapita mbali magharibi yetu, ndani ya Kongo.

Msemo ulizaliwa enzi za barabara kuu ya Waingereza iliyotoka kusini kwenda kaskazini na kupita Arusha, na ndoto yao ya kuunganisha Cape na Cairo. Ni msemo wa madereva. Kwa dereva aliyekuwa ametoka kusini kwa majuma kadhaa, hapa palikuwa nusu ya safari.

Kauli mbiu gani za taifa zilizaliwa hapa?

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967, na ndani yake kuna sentensi ambayo kila aliyesoma shule ya msingi enzi hizo anaimalizia ukimwanzishia: ili tuendelee tunahitaji vitu vinne, watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Baba yangu alikuwa akiihesabu kwa vidole. Alianza na kidole gumba, "watu", na alipofika cha nne alikishika muda mrefu.

"Ujamaa na Kujitegemea", "mnyonyaji", "kupe", "kukata mirija": maneno haya yalienea kijiji kwa kijiji kwa nguvu ya Azimio. Liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa kwenye makampuni au nyumba za kupangisha. Mwaka 1991 halmashauri kuu ya CCM ilipokutana Zanzibar na kulegeza masharti hayo, wananchi walikiita kikao kile "Azimio la Zanzibar". Hilo jina halikutolewa na chama. Lilitoka vinywani mwa watu, na mtu wa Arusha akilitaja, sikiliza anavyolitamka.

Na "kuwasha mwenge juu ya Kilimanjaro"?

Ni maneno ya Nyerere ya mwaka 1959, kabla ya uhuru: tuuwashe mwenge na kuuweka juu ya mlima, umulike hata nje ya mipaka yetu, ulete tumaini pasipo na tumaini, upendo penye chuki, heshima penye dharau. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alikuwa kileleni na mwenge. Kilele kilichopewa na Wajerumani jina la mfalme wao, Wilhelm, kikaitwa Uhuru.

Kwa nini wachimbaji wa Mererani wanaitwa "wanaapolo"?

Jina linatokana na vyombo vya Apollo vya Marekani vilivyokwenda mwezini. Tanzanite, kito kinachochimbwa Mererani, iligunduliwa mwaka 1967, na miaka miwili baadaye binadamu akatua mwezini. Anayeshuka mamia ya mita chini ya ardhi kwa kamba na tochi ya kichwani naye anaondoka duniani kwa namna yake, na kurudi ni majaliwa. Sioni mzaha ndani ya jina hilo. Naona ujasiri.

Watoto waliokuwa wakipenyezwa kwenye matundu membamba waliitwa nyoka. Neno hilo likitajwa, wazee wa Mererani hunyamaza. Wanunuzi wa mawe ni mabroka, na mgodi ukitoa mawe unasemwa "umetema". Mwaka 2020 Saniniu Laizer alipata mawe mawili, kilo 9.27 na kilo 5.1, serikali ikayanunua kwa shilingi bilioni 7.7. Tangu siku hiyo ukimwambia mtu wa Arusha "umekuwa Laizer", anaelewa.

Mpare na kesi ya kuku?

Wanasema Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wapare na Wachaga ni watani, na utani una sheria zake: mtani hakasiriki, na kwenye msiba mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Nimemwona mtani wa Kipare akilala kwenye kaburi lililochimbwa, akidai alipwe ndipo atoke, na mjane aliyekuwa hajala siku mbili akacheka, kisha akaomba uji.

Kuna utani mwingine, unaowasema wanawake wa Machame kuwa wauaji wa waume zao. Huo siusimulii. Umeharibu posa za watu ninaowajua, na mtani anayeruhusiwa kujibu hayupo ndani yake.

Mawenzi na Kibo waligombania nini?

Moto. Mawenzi alikuwa akizimikiwa na moto kila mara, akaenda kuomba kaa kwa Kibo. Akarudi tena, na tena. Kibo, aliyekuwa akitwanga, akachoka, akampiga kwa mchi. Ndiyo maana Mawenzi ana meno na mapengo hadi leo, wakati Kibo ana kichwa cha mviringo.

Wanajiolojia wanasema Mawenzi ni volkano iliyozimika zamani zaidi na kumomonyoka; Kibo bado anatoa gesi kwenye kreta yake. Waliotunga hadithi hawakuwa na vipimo, lakini walijua nani moto wake ulitangulia kuzima. Bibi yangu alinionya hivi: ukienda kuomba moto mara ya tatu, mtazame mwenye nyumba ameshika nini.

"Nimekuletea sale" maana yake nini?

Sale, au isale, ni mmea wa majani marefu unaopandwa mpakani mwa vihamba na kwenye makaburi. Jani lake likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu ni ombi la msamaha, na kulikataa ni jambo zito.

Baba yangu mdogo na jirani yake walinuniana miaka miwili kwa ajili ya maji ya mfongo, ule mfereji unaoteremsha maji kutoka juu kwa zamu. Asubuhi moja jirani alisimama nje ya ua, hajabisha hodi. Mkononi alikuwa na jani moja la sale, bichi, limekunjwa fundo katikati, na ncha mbili zimetazama chini. Hakusema lolote kuhusu maji. Alisema tu: "Nimekuletea sale, meku," yaani mzee.

Baba mdogo alilipokea kwa mikono miwili, akalichomeka kwenye paa la jiko, akamtuma mtoto ndani akalete kata. Mchana ule mimi ndiye niliyetumwa juu kufungua mfongo.